Dubu Alipopiga Makofi

Jumatatu, 2 Juni

Daktari amesema presha yangu inapandishwa na hasira, kwa hiyo niwe naziandika kila siku badala ya kummwagia Wendell. Haya, daftari nimenunua. Wendell ni bosi wetu wa zamu. Anavaa saa mbili, moja kila mkono, na zote mbili zinakwenda mbele. Kulisema hilo tu kumeshanipunguzia kitu.

Leo nimeletewa Dubu mpya, yaani mtu mpya wa kuvaa vazi la dubu ukumbini kwetu. Yule wa zamani alikaa ndani ya manyoya miaka sita, mgongo umemshinda. Huyu anaitwa Xiomara Betances, mama wa miaka arobaini na kitu, mfupi kama vazi linavyotaka, mpole, ila ana macho ya kukagua. Mimi ni msindikizaji. Namshika Dubu kiwiko, nampitisha katikati ya meza za bafe ya kujipakulia, nawaambia wageni anachofikiria, kwa sababu yeye hasemi. Hajatamka neno tangu bustani hii ya michezo ifunguliwe. Aliye ndani anachungulia kwenye kitundu mdomoni mwa Dubu, basi, hata mikono yake haioni. Nimewaongoza kwa miaka kumi na miwili na hakuna hata mmoja aliyejigonga.

Nikamweleza kazi. Watoto wanampendea Dubu kumlisha. Wanamwekea kiganjani kipande cha pankeki yenye siagi ya karanga, yeye anajifanya anatafuna, wazazi wanapiga picha. Glavu zake za manyoya zinakuwa uchafu mtupu. Sasa, meza yenye kitambaa chekundu ni ya mtu mwenye aleji, anayedhurika na chakula fulani. Kabla ya kuifikia, Dubu anapiga makofi mawili, yaani "nibadilishe glavu", nami nampeleka nyuma ya mlango, maana mgeni hatakiwi kuona mkono wa binadamu ukichomoka kwenye manyoya.

"Na nikipiga usisikie?" akauliza.

"Dada, masikio ninayo."

Ameanza vibaya na mimi.

Jumatano, 4 Juni

Joto. Soseji ziliisha saa nne. Wendell kalaumu watu wote isipokuwa nguruwe.

Jumapili, 8 Juni

Mzee Lamoreaux kaja na Junie, kama kila Jumapili. Wana tiketi ya mwaka mzima, wanakaa ng'ambo tu ya barabara kuu, pale palipokuwa na mashamba yake ya michungwa. Siku hizi anatembelea kigari cha betri na anakiendesha kama trekta. Junie, mtoto wa bintiye, ana miaka sita, meno mawili ya mbele hayapo, na karanga kwake ni sumu. Si ya kuwashwa na kujikuna. Koo linaziba, na babu hatembei bila sindano ya kumwokoa. Kila Jumapili mpishi mkuu anatoka mwenyewe jikoni, anamshika mkono, anapita naye mbele ya vyakula vyote: hiki kula, hiki kula, hiki usikisogelee. Na mezani kwao kitambaa chekundu.

Xiomara alipiga makofi hatua kumi kabla. Nikambadilisha. Junie akamkumbatia Dubu kiunoni, akamnong'oneza siri ndefu. Nilimuuliza Xiomara baadaye alichoambiwa.

"Siri ni ya Dubu," akasema.

Maringo hayo!

Ijumaa, 13 Juni

Nimegombana naye. Meza sita zenye vitambaa vyekundu katika mzunguko mmoja, na mara sita kapiga makofi, hata pale ambapo glavu zilikuwa safi, nimeziona kwa macho yangu. Kubadilisha kunakula dakika nne. Kila meza lazima imwone Dubu kabla watu hawajamaliza kula, la sivyo wanakwenda kulalamika. Meza tatu zimeondoka bila kumwona. Wendell kanifokea mimi, si yeye.

"Nikikwambia ni safi, ni safi," nilimwambia katika chumba cha kubadilishia mavazi. Kakaa, kichwa cha Dubu mapajani, nywele zimelowa chapachapa.

"Mimi sizioni glavu, Loretta. Nakutegemea wewe. Ndiyo maana napiga kila mara."

"Basi kama unanitegemea, nitegemee."

Akakivaa kichwa. Afadhali angejibu.

Jumapili, 22 Juni

Mvua za alasiri zimeanza kuja asubuhi. Radi ikipiga, michezo yote ya nje inafungwa, na watu wote wanajazana ndani kwetu. Kelele mpaka masikio yanalia. Chumba cha kufulia mavazi kimeingia maji, glavu hazikauki. Tulipewa jozi nne kwa zamu nzima badala ya kumi. Nilimwambia Wendell hazitoshi. Akatazama saa zake, zote mbili.

"Mama Loretta, wewe ni mzoefu. Utajua la kufanya."

Jozi ya mwisho niliiwekea Junie.

Ijumaa, 4 Julai

Sikukuu. Watu kama siafu. Sijui nimekula nini au kama nimekula.

Jumapili, 6 Julai

Leo jozi zote nne zilikuwa zimekwisha Dubu alipokaribia meza ya Lamoreaux. Xiomara akapiga makofi. Nikampeleka nyuma ya mlango, nikamvua glavu, nikazisugua viganja kwa kitambaa chenye maji ya moto na sabuni, nikanusa, nikamvisha zile zile. Sabuni tupu.

"Umebadilisha?" akauliza ndani ya kichwa, sauti kama ya mtu aliye kisimani.

"Tayari," nikasema.

Junie alimkumbatia, akamnong'oneza, akala tikitimaji. Nilimtazama nusu saa nzima. Hakuwa na kitu. Nimeandika hapa ili nisijidanganye kwamba sikuogopa.

Jumapili, 13 Julai

Nimefuta tu. Hakuna kilichotokea.

Jumapili, 20 Julai

Nimefuta tu. Mvua.

Jumapili, 27 Julai

Nimefuta, tena kwa haraka. Sikumtazama hata mtoto. Nimegundua hivi sasa ninapoandika.

Jumanne, 29 Julai

Nilikuwa namwona Xiomara ana kiherehere. Leo tumekaa nyuma ya jengo wakati wa mapumziko yake, feni inatupuliza, anakunywa maji kama ngamia, akanieleza mwenyewe bila kuulizwa. Kabla ya kuja huku alikuwa akipakua chakula katika shule moja mjini Ponce, kwao. Mtoto wa darasa la nne, mwenye aleji kama ya Junie, alipokea biskuti ya karanga ya rafiki yake. Yeye Xiomara alikuwa hatua tatu kutoka pale, ana kijiko mkononi.

"Alipona?"

"Hapana."

Nikasema upuuzi: nikamwambia ajitahidi kunywa maji zaidi.

"Wewe unajua kazi yako," akaniambia. "Wengine hapa wananiburuta kama gunia. Wewe unanishika vizuri. Nikiwa na wewe siogopi."

Nilitaka kumwambia habari ya kufuta. Mdomo niliufungua kabisa. Wendell akapiga filimbi ya zamu, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi kuisikia.

Jumapili, 3 Agosti

Nimebadilisha! Niliiba jozi kutoka kwenye vazi la zamu ya jioni. Zamu ya jioni wamenitukana. Watukane tu.

Jumapili, 10 Agosti

Wamefunga kabati la glavu kwa kufuli, kwa sababu yangu. Nimefuta.

Jumamosi, 16 Agosti

Kimbunga kiko baharini, wanasema kitapita mbali na sisi, lakini mkia wake utatufikia kesho. Nimejaza beseni la kuogea maji na kununua mishumaa. Presha mia na sabini na mbili.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika usiku huu huu, kabla sijayapamba.

Asubuhi upepo ulikuwa umeshaanza kupindisha mitende. Michezo yote imefungwa. Wageni wa hoteli ya bustani wakaletwa kwetu wote, watu mia mbili kwenye ukumbi wa watu mia na ishirini. Wendell kaamuru vigari vya watoto na vya wazee vyote viachwe nje chini ya paa. Mzee Lamoreaux alibisha, akashindwa, akaingia anajikokota kwa fimbo, Junie amemshika suruali. Nilijua watakuja. Hawajakosa Jumapili tangu binti yake afariki.

Watoto walikuwa wamechoka kukaa ndani, wamepandwa na wazimu, kila mmoja anataka kumlisha Dubu. Siagi ya karanga ilikuwa mpaka kwenye vifundo vya mikono yake. Jozi zote nne zilikuwa zimekwisha kabla ya saa tano. Kitambaa changu chenyewe kilikuwa hakitamaniki. Wendell alikuwa mlangoni ananionyesha saa kwa kidole, kwanza ya kushoto, kisha ya kulia.

Tulipobakisha meza mbili kufika kwa Junie, Xiomara akasimama. Akapiga makofi mawili.

Niliyasikia. Nayaandika haya wazi kwa sababu kesho huenda nikajifanya sikuyasikia. Niliyasikia vizuri sana.

Mlango wa nyuma ulikuwa ng'ambo ya watu mia, hata sinia lisingepita. Nikamvuta kiwiko. Akagoma. Akapiga tena, mawili, kwa nguvu. Watu wakageuka. Na mimi nikatoa ile sauti yangu ya kazini, ya miaka kumi na miwili, nikapaza: "Jamani, mnamwona Dubu leo alivyo na furaha? Anataka tumpigie makofi! Haya, sote pamoja!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Watu mia mbili. Watoto juu ya viti. Yeye akawa anapiga mawili, mawili, mawili, nao wakadhani ni mchezo, wakawa wanamfuata mawili, mawili, mawili. Nikamsukuma mgongoni. Ndiyo, nilimsukuma. Na Junie, ambaye siku zote husubiri zamu yake kwa adabu, akateremka kitini akaja mbio, akamshika Dubu viganja vyote viwili, akajifunika navyo uso.

Haikufika dakika mbili. Alianza kujikuna midomo. Halafu midomo ikavimba, na macho. Halafu akakohoa kikohozi kidogo kikavu, akamtazama babu yake kama anayemuuliza kitu. Mzee akasema, "Junie? Junie, mama?" Akabaki hapo, anapapasa pembeni ya kiti, mahali ambapo kikapu cha kigari chake hukaa.

Nilisikia mtu anapiga kelele na sikujua sauti inatoka wapi. Ilikuwa inatoka kwa Dubu. "Sindano! Sindano yake iko wapi?" Kisha akashika kichwa kwa mikono miwili, akaking'oa, akakitupa chini. Watoto walilia ukumbi mzima. Mwanamke amesimama pale, amelowa jasho, mwili wa dubu, kichwa cha mtu, anavua glavu kwa meno ili asimguse mtoto nazo.

"Mzee! Sindano!"

"Kigarini," akasema Lamoreaux. "Kwenye kikapu. Nje."

Nikakimbia. Sijui nilipitaje. Mvua inakata kwa upande, vigari zaidi ya ishirini vya kukodi hapa bustanini, vyote vyekundu, vyote sawasawa. Nilipindua vikapu. Nikaona mfuko wa Junie wenye picha ya sungura, nikarudi nao. Xiomara akaninyang'anya, akamchoma mtoto pajani juu ya nguo, akashikilia, anahesabu kwa Kihispania kwa sauti ya chini kama anayebembeleza. Uso wa Junie ulikuwa wa rangi ambayo sitaiandika.

Gari la wagonjwa lilichukua dakika kumi na tisa kwa sababu ya miti barabarani. Alikuwa anapumua walipompandisha. Hicho ndicho ninachokijua mpaka sasa.

Kabla Xiomara hajatolewa na walinzi kwa mlango wa nyuma, alinitazama. Watu walikuwa wananipigapiga mabega. "Umemwokoa, mama! Tumekuona ulivyokimbia!"

Jumatatu, 18 Agosti

Yu hai. Yuko hospitali, kapewa sindano ya pili njiani, wanamwangalia.

Wendell ameniita ofisini. Ana fomu. Xiomara kasimamishwa kwa makosa matatu: kusema ndani ya vazi, kuvua kichwa mbele ya wageni, na kuifikia meza yenye kitambaa chekundu bila kutoa ishara.

"Bila ishara?" nikauliza.

"Watu wote wanasema Dubu alikuwa anapiga makofi ya kuchezesha watoto. Wewe mwenyewe uliwaongoza." Akanisogezea kalamu. "Sasa nakuuliza, na jibu polepole. Aliomba kubadilishwa glavu?"

Kalamu ilikuwa mkononi. Nikasema, "Palikuwa na kelele nyingi."

"Kwa hiyo hukusikia."

"Palikuwa na kelele nyingi," nikarudia.

Akaandika: hakusikia. Nikatia sahihi. Akanipa na beji ya mfanyakazi bora wa mwezi, eti nimekimbia kwenye mvua kwa umri wangu. Nimeitia kwenye droo ya soksi na bado naiona.

Jumanne, 19 Agosti

Sikwenda kazini.

Jumatano, 20 Agosti

Sikwenda. Binti yangu kapiga simu kutoka Tampa, kasikia habari, anajivunia mama yake. Nikasema mtandao mbovu, nikakata.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimekwenda kwa Xiomara. Kafungua mlango, hakunikaribisha, hakunifukuza. Tulisimama barazani, majani yaliyoangushwa na upepo yametuzunguka miguu.

"Umekuja kuniambia nini?"

"Kwamba nilisikia."

"Najua ulisikia. Nilikuona. Kwa kile kitundu naona mbele tu, na wewe ulikuwa mbele, unanivuta."

"Nilimwogopa Wendell."

"Usinidanganye, Loretta. Wendell humwogopi hata kidogo, unamcheka kutwa. Zile Jumapili nyingine ulikuwa unabadilisha, au unafuta?"

Jamani, swali hilo. "Nafuta," nikasema.

Akakaa kwenye ngazi. "Na mimi nilikuwa namkumbatia. Nilikuwa namkumbatia kwa nguvu kabisa, kwa sababu nilijua niko salama, niko na wewe."

Nikamuomba msamaha. Akasema msamaha wake atautafuta baadaye, kwanza kuna mtoto anayedhani Dubu alitaka kumuua. Babu wa Junie amempigia yeye simu kumuuliza hivyo hivyo: huyo mnyama wenu alimfanyia nini mjukuu wangu, mbona alikuwa anapiga makofi?

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia amuulize msindikizaji." Akainuka, akafunga mlango.

Jumapili, 24 Agosti

Jumapili ya kwanza bila wao. Sikuwa kazini lakini saa tano kamili niliangalia saa.

Jumatano, 27 Agosti

Nimeyasoma haya yote tangu Juni. "Nimefuta tu." "Nimefuta tu." Nilidhani naandika hasira zangu kwa Wendell. Nimeshika kurasa za Julai kati ya vidole viwili, ilibaki kuvuta tu. Nimeshindwa, na si kwa ujasiri, ni kwamba nilikuwa nazijua kwa moyo, ningezichana ili iweje.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimetoa nakala za kurasa zote na kuzipeleka ofisi kuu, kwa wakubwa wa Wendell, pamoja na barua. Nimeandika: alipiga makofi, nilisikia, nilimsukuma. Nimeandika pia habari ya jozi nne na kabati lenye kufuli, ila nimeiweka mwisho, isije ikaonekana kama ndiyo sababu. Mwanamke aliyepokea alisoma ukurasa mmoja, akaniuliza kama nina wakili. Nikamwambia nina daktari.

Wamechukua kitambulisho changu pale pale. Kuhusu Xiomara wanasema watalitazama upya. Nimewaambia nitapiga simu kila siku mpaka walitazame.

Jumamosi, 30 Agosti

Leo asubuhi nimekwenda kwa Lamoreaux na daftari lenyewe. Alinisikiliza mlangoni, ameegemea fimbo, mpaka mwisho. Alisoma kurasa mbili, ile ya 6 Julai na ile ya 17 Agosti. Nilitegemea matusi. Ningeyapokea kama maji.

"Mimi huna la kuniambia zaidi," akasema. "Lakini mtoto haingii tena chumba chenye mdoli. Ametupa nje wanasesere wake wote wenye manyoya. Kamwambie wewe. Kwa mdomo wako huo huo."

Junie alikuwa jikoni, anachora. Mkono wake una alama ya mpira wa dripu bado. Nilipiga magoti sakafuni, magoti yenyewe haya yangu, nikamwambia: Dubu hakutaka kuja kwako siku ile. Alijua mikono yake ni michafu. Alinikataza, mara nyingi, nami nikamsukuma. Ndani ya Dubu alikuwamo mama mmoja anaitwa Xiomara, ndiye yule aliyevua kichwa akakuchoma sindano, na hakukosea chochote. Niliyekosea ni mimi.

Kalamu yake ya rangi haikusogea.

"Xiomara amekasirika na mimi kwa sababu nilimshika?"

"Hapana, mama. Hata kidogo."

"Siri zangu aliwaambia watu?"

"Hakumwambia mtu. Nilimuuliza akakataa."

Hapo akashusha pumzi. Nikaona nimebebwa na furaha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nikanyoosha mkono nimshike bega. Akarudi nyuma na kiti chake, kikakwaruza sakafu.

"Umenawa?" akaniuliza.

Babu yake, mlangoni, aligeuza uso. Baadaye aliponiaga aliniambia siku hizi Junie anamuuliza kila mtu hivyo, hata yeye, hata daktari.

Nikainuka, nikaenda kwenye sinki. Nikanawa kwa sabuni, vidole, kucha, mpaka kwenye viwiko. Nikageuka kumwonyesha. Akanitazama mikono, akatikisa kichwa, akasema, "Tena." Nikanawa tena.